Mwenye Shamba na Mali Iliyo Chini Yake

Iko hadithi moja ambayo masheikh wa pwani huisimulia katika Hadithi za Mtume wao, na Wayahudi nao wanayo katika Talmudi ya Yerusalemu. Mtu alinunua ardhi kwa mwenziwe, akachimba, akaona chungu kimejaa dhahabu. Akamrudishia yule aliyemwuzia, akimwambia kwamba yeye alinunua ardhi, hakununua dhahabu. Muuzaji akakataa, akasema kwamba aliuza ardhi pamoja na vilivyomo. Wakaenda kwa mwamuzi, naye akauliza kama wana watoto. Mmoja alikuwa na mwana, wa pili alikuwa na binti. Basi akaamuru waozwe, na mali ile iwe ya wale vijana. (Wayahudi wao huongeza habari za Iskandari Mkuu, aliyekuwapo akasikia shauri lile, akasema kwamba katika nchi yake wote wawili wangaliuawa na mfalme akaitwaa dhahabu.)

Hadithi hii yafurahisha kwa sababu ya wema wa wale watu wawili, lakini sisi twaileta hapa kwa sababu ya swali lililo ndani yake. Mtu anunuapo shamba, anunua nini? Udongo wa juu tu, au na kilichofichwa chini? Na yule Iskandari wa hadithi ya Kiyahudi alitaja mdai wa tatu, ambaye wale wawili hawakumfikiri kamwe, naye ni mtawala wa nchi. Twaona ya kuwa habari za madini katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki ni habari za mdai huyu wa tatu. Walimu na mapadre huombwa mara nyingi kushuhudia mauzo ya mashamba na kuandika hati. Kwa hiyo yafaa kujua jambo hili lilikotoka.

Kwanza yatupasa kutenga maneno mawili. Hazina ni mali iliyowekwa na mtu: aliificha, akafa au akasahau. Madini ni mali iliyoumbwa pale pale. Mfano wa Bwana wetu katika Mathayo 13, wa mtu aliyeuza vyote alivyo navyo apate kulinunua shamba, wasema habari za hazina, wala si za madini, ingawa wahubiri wengine huchanganya. Sheria ya Kiislamu nayo hutenga: mali ya kale iliyozikwa huitwa rikazi, na sehemu yake moja katika tano hutolewa, madini ni jambo jingine. Neno letu *madini* limetoka katika Kiarabu, na huko asili yake ni mahali pa kuchimbwa, kisha likahamia kwenye kitu kinachochimbwa. *Chimbo* limetokana na kitendo cha kuchimba, basi. Wala Kiswahili hakina neno moja lililokubaliwa na watu wote la kutaja haki ya kuwa na kilicho chini pasipo kuwa na kilicho juu. Husemwa kwa maneno mengi, na mahali penye maneno mengi ndipo penye kutoelewana.

Lakini asidhani mtu kwamba wazo la kugawa shamba katika tabaka lilikuwa geni kwa watu wetu. Pwani na Unguja, tangu zamani, miti ilikuwa na mwenyewe na ardhi ilikuwa na mwenyewe. Mtu aliweza kuuza minazi au mikarafuu na udongo usiuzwe. Aliweza kurithi miti iliyosimama katika ardhi ya mwingine. Aliyesema “nimenunua shamba” aliweza kuwa amenunua miti tu, na majirani wote walilijua hilo. Katika Mwanzo 23 Ibrahimu anaponunua shamba la Efroni, pango hutajwa na miti hutajwa kimojakimoja, ili pasiwe na shaka baadaye. Na wanavyuoni wa Kiyahudi katika Mishna, kitabu cha Baba Bathra, walisema kwamba auzaye nyumba hakuuza shimo la maji lililo chini yake, hata kama aliandika katika hati kwamba ameuza kina na kimo. Twaona walikuwa wakali kuliko wanasheria wengi wa leo.

Wala si kweli kwamba watawala wa Kiafrika hawakudai mali ya chini. Angalia Uvinza, mashariki ya Ziwa Tanganyika, penye chemchemi za maji ya chumvi. Kabla ya Wazungu, watu walikuja huko kutoka nchi za mbali wakati wa kiangazi, wakajenga vibanda, wakachemsha maji, wakaondoka na chumvi, nayo ikauzwa pande zote za ziwa. Mgeni hakukatazwa. Lakini watawala wa Wavinza walitwaa sehemu ya chumvi yenyewe kabla mtu hajaondoka. Hakuna aliyenunua ardhi ya chemchemi, na hakuna aliyeidai kuwa shamba lake. Ilikuwa mali ya nchi, na mwenye nchi alipokea fungu lake. Wajerumani walipoingia, chemchemi zile ziliwekwa mikononi mwa kampuni, na wale waliozoea kuja na vyungu vyao wakawa watu wa kulipwa mshahara au wa kufukuzwa.

Sasa tutazame wale waliokuja kututawala, kwa maana wao walikuja na mafundisho mawili yasiyopatana. Katika Uingereza kanuni ya kale ilikuwa kwamba mwenye ardhi ni mwenye vyote vilivyo chini yake: makaa, chuma, mawe, bati. Dhahabu na fedha ndizo pekee zilizokuwa za mfalme. Jambo hili lilipata hukumu kubwa mwaka 1568. Malkia Elizabeth wa Kwanza alikuwa amewapa wachimbaji, na mmoja wao alikuwa Mjerumani Daniel Hechstetter, ruhusa ya kuchimba shaba karibu na Keswick, katika ardhi ya Earl wa Northumberland. Yule bwana akawazuia, akisema shaba ni yake. Mahakimu wote walikubali kwamba migodi ya dhahabu na fedha ni ya Malkia, hata ikiwa katika ardhi ya mtu. Na wengi wao wakaongeza kwamba shaba yenye chembe za dhahabu au fedha ndani yake hufuata dhahabu. Maneno hayo ya mwisho yaliwatisha wenye ardhi wote, kwa kuwa ni nani ajuaye kama shaba yake haina chembe ya fedha? Katika miaka ya 1688 na 1693 Bunge likatunga sheria kuwaondolea hofu hiyo. Tangu hapo, mpaka sheria ya makaa ya mwaka 1938, Mwingereza aliyenunua shamba kwao alipata na makaa ya mawe yaliyo chini yake, isipokuwa muuzaji aliyatenga katika hati.

Wajerumani, kwa upande wao, walikuwa na desturi ya kuyatoa madini ya thamani katika mamlaka ya mwenye ardhi, na kumpa haki yule ayavumbuaye chini ya sheria ya Serikali. Desturi hiyo waliileta Tanganyika. Amri ya mwaka 1895 iliifanya ardhi isiyo na mwenyewe kuwa mali ya Serikali yao, na sheria ya migodi ya mwaka 1898, na ile iliyoifuata mwaka 1906, ilisimama peke yake kando ya sheria ya ardhi. Dhahabu ya Sekenke, katika nchi ya Iramba, ilichimbwa chini ya sheria hizo. Na hao Wajerumani walipozingirwa katika vita, walifua Tabora mwaka 1916 sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye sura ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Labda hiyo ndiyo mara pekee dhahabu ya Tanganyika ilipogeuzwa fedha ndani ya Tanganyika yenyewe.

Fundisho la Kiingereza lilitua mahali pamoja tu kwa Waafrika, nalo ni jambo la ajabu ambalo wengi hawalijui. Katika Mapatano ya Buganda ya tarehe 10 Machi 1900, Sir Harry Johnston aliweka sahihi pamoja na Apolo Kagwa, Stanislas Mugwanya na Zakaria Kisingiri, waliotawala kwa niaba ya Kabaka Daudi Chwa, aliyekuwa bado mtoto mdogo. Ardhi iligawanywa kwa maili za mraba, ndiyo asili ya neno la Kiganda *mailo*. Machifu na watu wengine wapatao elfu waligawiwa maili za mraba 8,000. Misheni zikapewa 92. Na katika mapatano hayo hayo iliandikwa kwamba madini yatakayoonekana katika mashamba ya watu binafsi yatakuwa ya wenye mashamba, nao watailipa Serikali ushuru wa sehemu 10 katika 100 ya thamani yakichimbwa. Nje ya mashamba hayo madini yawe ya Serikali. Lakini hata huko Serikali ilifungwa kumlipa mkaaji kwa ajili ya mazao na nyumba zilizoharibiwa, na kumpa ardhi nyingine sawa na ile aliyoondolewa.

Tulipoyatafakari maneno hayo tulistaajabu mara mbili. Kwanza, kwa sababu Buganda haikupata kuwa nchi ya migodi mikubwa. Shaba ya Uganda ilikuwako Kilembe, Toro, nje ya mipaka ya mapatano hayo. Waliopewa haki ya mali ya chini hawakuwa na mali ya chini. Pili, kwa sababu hapakuwa na kigugumizi chochote. Johnston na wale mawaziri watatu waliona kwamba yafaa kuandika wazi nani mwenye kilicho chini, kabla mtu hajachimba. Waganda waliopoteza walikuwa wengine, wale wakulima na watu wa ukoo waliokuwa na *butaka*, ardhi ya makaburi ya wazee wao, wakajikuta wanakaa katika mailo ya chifu. Lakini hiyo ni habari nyingine.

Twaja sasa Kakamega. Mwaka 1930 Serikali ya Kenya ilitunga sheria ya amana ya ardhi za wenyeji. Ndani yake ardhi za hifadhi ziliwekwa kwa matumizi na faida ya makabila yake milele. Ikitokea kwamba kipande kitahitajiwa kwa kazi ya watu wote, sheria iliagiza mambo mawili: baraza la wenyeji liulizwe, na ardhi nyingine ya kadiri ile ile iongezwe badala yake. Maofisa waliisoma sheria hiyo mbele ya mabaraza kama ahadi. Wamisionari nao waliwaambia watu wao waiamini, maana hofu ya kunyang'anywa ardhi ilikuwa kubwa katika Kavirondo, kama nchi ile ilivyoitwa siku zile.

Mwaka uliofuata, 1931, Mmarekani mmoja mlowezi aitwaye L. A. Johnson aliona dhahabu karibu na Kakamega. Ilikuwa wakati wa dhiki. Bei ya mahindi na kahawa ilikuwa imeanguka, na walowezi wengi walikuwa na madeni. Wazungu kwa mamia walikuja na mahema na karai, wakapiga vigingi katika mashamba ya watu, katika nchi iliyojaa watu kuliko karibu nchi yoyote nyingine ya Kenya. Serikali ya Uingereza ikamtuma mtaalamu wa mawe, Sir Albert Kitson, kuitazama nchi. Ikaonekana kwamba kama sheria ya 1930 itafuatwa, hakuna mgodi utakaofunguliwa upesi, kwa kuwa ardhi ya kulipia haikupatikana karibu. Basi katika Desemba 1932 sheria ilibadilishwa kwa haraka. Kwa ajili ya madini, ardhi iliweza kutengwa pasipo kuongeza nyingine badala yake, fidia ikalipwa kwa fedha, na baraza la wenyeji halikulazimika tena kuulizwa kwanza.

Milele ile ilikuwa imedumu miaka miwili.

Kelele ilikuwa kubwa, na haikupigwa na wenyeji peke yao. Archdeacon W. E. Owen wa misheni ya CMS, aliyewajua watu wa Kavirondo kwa miaka mingi na ambaye walowezi hawakumpenda, aliandika tena na tena katika magazeti ya Uingereza. Lord Lugard, ambaye hakuna awezaye kumwita adui wa utawala wa Kiingereza, alikuwa miongoni mwa waliopinga. Wakubwa wa Serikali walijibu kwa hoja ambayo, kwa kuitazama kama hoja ya sheria tu, haikuwa dhaifu: wenyeji hawakuahidiwa madini kamwe, madini yalikuwa ya Mfalme tangu mwanzo, kinachotwaliwa ni uso wa ardhi kwa muda, na dhahabu ikiisha ardhi itarudi.

Sisi twasema kwamba kosa lilikuwa mahali pengine, na halionekani ila kwa mtu ajuaye desturi. Kwa Waluhya ardhi ilikuwa ya ukoo. Mtu alilima sehemu yake, na mgeni aliweza kukaribishwa akapewa mahali pa kulima. Kwa Walogoli wageni hao waliitwa *avamenya*. Mgeni huyo alilima na kula, lakini hakuwa mwenye ardhi. Sasa fidia ya fedha hulipwa nani? Ukimlipa aliyekutwa na jembe mkononi, waweza kumlipa mgeni na kumwacha mwenye ardhi. Ukimlipa mzee mmoja, wajukuu ambao hawajazaliwa wamepoteza kitu kisichohesabika kwa shilingi. Ardhi kwa ardhi ilikuwa malipo yanayoeleweka, kwa kuwa ukoo uliweza kuhama na kubaki ukoo. Fedha kwa ardhi ilikuwa, kwa macho ya watu wale, kuuza. Na kwao ardhi ya ukoo haikuwa kitu cha kuuza kwa mtu asiye wa ukoo. Kwa hiyo mtu aliyeambiwa “ardhi ni yako, dhahabu si yako, chukua shilingi hizi” alisikia neno moja tu, kwamba ardhi si yake.

Machimbo ya Kakamega hayakuwa makubwa kama walivyoota walowezi. Mgodi wa Rosterman, uliokuwa mkuu kupita yote, ulifungwa mwaka 1952. Lakini kisa kile kiliharibu imani katika maneno ya Serikali kwa muda mrefu kuliko dhahabu ilivyodumu, na Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Sir Morris Carter, iliyokuwa ikisikiliza mashauri katika miaka hiyo hiyo, iliwakuta watu wamekwisha kupata sababu mpya ya kutoamini.

Katika Tanganyika mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilisema ardhi yote ni ya umma, chini ya uangalizi wa Gavana, kwa faida ya wenyeji. Mtu hupata haki ya kuikalia tu. Serikali huru baada ya 1961 ilishika njia hiyo hiyo. Kwa miaka mingi, kwa hiyo, aliyesema anauza shamba aliuza kwa kweli maendelezo yake, yaani nyumba, migomba, mibuni, na udongo wenyewe haukuhesabiwa kuwa na bei. Msomaji ataona kwamba hapo twarudi karibu na desturi ya pwani ya kuuza miti. Ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliyokiri kwamba haki ya ardhi yenyewe ina thamani. Lakini sheria hiyo hiyo, inapoeleza maana ya neno ardhi, hutaja uso wa nchi na kilicho chini yake, kisha huyatoa madini na mafuta ya petroli. Madini yote ya Tanzania bara, kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, ni mali ya Jamhuri ya Muungano, na kibali cha kuyachimba hutolewa mbali na hati ya ardhi. Mkaaji halali ana haki ya kuulizwa kabla mchimbaji hajaikaribia nyumba yake, na haki ya kulipwa kwa uharibifu. Kwenye dhahabu yenyewe hana fungu kwa sababu ya hati yake.

Kenya, katika Katiba ya mwaka 2010, iliyaweka madini yote katika hesabu ya ardhi ya umma, hata yakiwa chini ya shamba lenye hati ya mtu. Uganda ilikwenda mbali na mapatano ya 1900: Katiba yake, kama ilivyorekebishwa mwaka 2005, huyaweka madini mikononi mwa Serikali kwa niaba ya Jamhuri. Hata hivyo alama ya fikira ya zamani ilibaki katika Sheria ya Madini ya mwaka 2003, iliyomtengea mwenye ardhi sehemu 3 katika 100 za mrabaha. Kenya nayo, katika sheria ya mwaka 2016, ilitenga sehemu 10 katika 100 kwa jamii ya mahali panapochimbwa, 20 kwa kaunti, na 70 kwa Serikali ya taifa. Kongo ilifanya vivyo hivyo kwa kishindo zaidi: sheria iitwayo ya Bakajika, ya mwaka 1966, ilirudisha kwa dola ardhi na haki za chini ya ardhi zilizokuwa zimegawiwa makampuni, na mwanzo wa mwaka 1967 kampuni kubwa ya shaba ya Katanga ikatwaliwa.

Hivyo mdai wa tatu ameshinda kila mahali, awe mfalme, malkia, au Jamhuri. Watu wengi husema kwamba hilo ni dhuluma, na sisi hatukubali moja kwa moja. Mali iliyoumbwa chini ya shamba la mtu mmoja haikutokana na jasho lake, na Wavinza wa kale wasingalielewa kwa nini mtu mmoja amiliki chemchemi. Tatizo letu ni fungu la yule anayeondoka, na kama anaambiwa mapema. Mtawala wa Uvinza alitwaa chumvi, lakini mwenye chungu naye aliondoka na chumvi.

Kuhusu hati, neno moja. Katika mauzo ya mashamba watu hupenda kuandika *ardhi na vyote vilivyomo ndani yake*. Maneno hayo ni ya kale, na masikioni ni matamu. Kwa sheria za leo za nchi tulizozitaja huhamisha nyumba, miti, mazao, na visima kwa kadiri ya sheria za maji. Madini hayahamishi, hata mnunuzi akiyalipia. Tumesikia habari za watu waliolipa mara tatu ya bei kwa shamba la mawe karibu na machimbo, wakiwa na hati yenye maneno hayo, iliyoshuhudiwa na mwalimu wa kanisa kwa nia njema kabisa. Kisha akaja mwenye leseni, akawaonyesha karatasi ya pili. Shahidi atakayeombwa kuweka sahihi yake amwulize mnunuzi, mbele ya muuzaji na kwa lugha ya nyumbani kwao, bei ile ni ya mahindi au ni ya mawe. Na kama ni ya mawe, waende wote kwanza katika ofisi ya madini kuuliza nani amekwisha kuliandikisha eneo lile.

Huko Ikolomani, kusini ya mji wa Kakamega, wanawake na wanaume wangali wakishuka mashimoni kwa kamba na kuponda mawe kutafuta chembe za dhahabu, katika mashamba ambayo babu zao walilipwa, au hawakulipwa, shilingi za mwaka 1933.